Mikono ya Msagaji wa Wabash

Miaka yote aliyopeleka mahindi kinuni kando ya Mto Wabash, Tabitha Pruett hakuwahi kumwona msagaji akiutazama unga. Huukinga kwa kidole gumba, akausugua taratibu, kisha akaongeza maji yanayozungusha gurudumu la kinu au akayapunguza. Husema kwa kelele, maana ngurumo ya mawe ya kusagia imemziba masikio, na migongo ya mikono yake imejaa madoa meusi.

Nyumba za hapo kando ya kinu zilipofika kumi na moja, alikuja mpima ardhi na ramani ya mji, barabara kuu imenyooka, ikipita katikati ya kinu.

"Kibanda hiki kitabomolewa," alisema, mkate mdomoni. "Au mzee una hati kwamba ulitangulia hapa?"

Msagaji akaibwaga mikono yake juu ya ramani. "Hii hapa! Madoa haya ni chembe za chuma cha tindo, ziliniingia nikichonga yale mawe, wakati majirani zangu walikuwa dubu watupu. Na huo mkate unaotafuna, bwana mkubwa, unga wake umetoka wapi?"

Mpima ardhi akaacha kutafuna. Tabitha, aliyekuwa mlangoni akingoja unga wake, akacheka mpaka akashika mbavu.

Barabara ikapindishwa ikizunguke kinu. Tabitha huwapitisha wageni wake hapo makusudi, ingawa njia ya mkato anaijua.