Shoki za Mtu Mmoja

Mume wangu alikufa akiwa amemaliza gari lote isipokuwa shoki za mbele. Likabaki nyuma ya nyumba yetu Ruiru, juu ya mawe. Alikuwa ameliunda mwenyewe: bodi ya pikapu kuukuu aliyoikata paa akalishusha, injini kubwa kuliko gari, magurudumu ya mbele nje bila madigadi, kama miguu ya panzi. Watu walicheka. Yeye alisema tu, "Nitakupeleka nayo Thika tukale nyama."

Binti yangu anakaa Kahawa Sukari. Alinipigia simu.

"Mama, uza hiyo kitu kwa watu wa vyuma. Inakufanyia nini?"

"Inakaa."

"Basi iingie barabarani kabla ya Krismasi, ama niwalete waibebe."

Nikakubali. Kuendesha najua. Nilipeleka kabichi sokoni kwa pikapu kabla yeye hajazaliwa.

Gari likavutwa hadi kwa fundi mmoja wa jua kali huko Thika, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi. Alitandika gunia chini akaweka shoki jozi mbili.

"Hizi ni ngumu, zilitoka kwa pikapu. Hizi ni laini, za gari ndogo. Zote fupi, kwa sababu mzee wako alishusha pua ya gari. Sasa shosho, mtakuwa mkikaa wangapi?"

"Watu hawahesabiwi."

Ndivyo mama yangu alivyonilea. Ukihesabu watu wa nyumba unaita kifo. Hata kuku sikuwahesabu kwa sauti.

"Sihesabu ukoo wako, shosho, nataka uzito. Springi ndiyo inabeba watu. Shoki kazi yake ni kuituliza. Nikifunga ngumu na gari ni nyepesi, itakurusha."

"Funga ngumu."

"Kwa hivyo ni wawili?"

"Wewe ni fundi ama ni chifu? Nimesema funga ngumu."

Akacheka, akafunga.

Nikalijaribu kwenye barabara iliyo nyuma ya gereji yake. Tuta la kwanza, pua iliruka meno yangu yakagongana. La pili, kikapu nilichokuja nacho kikaruka kutoka kiti cha pembeni, vitunguu vikamwagika hadi chini ya pedali. Nikageuza. Fundi alikuwa amesimama akipangusa mikono, ameona yote.

"Shosho, hii gari inatafuta mtu wa pili."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua.

Nilibaki nimeshika usukani. Kiti cha dereva mume wangu alikuwa amekisukuma nyuma kabisa, kwa ile miguu yake mirefu, akakichomelea hapo hapo. Kile cha pembeni alikiinua, ndiyo mimi mfupi niione barabara. Sasa mimi nilikuwa kwake, nimejaza mto mgongoni ndiyo nifikie breki, na kwangu kulikuwa na vitunguu.

"Ni mmoja," nikasema.

"Mmoja?"

"Umesikia."

Akaangalia kiti, akaniangalia. "Pole, shosho."

"Usinipe pole. Nipe laini."

Akafungua zile ngumu, akafunga laini. Kisha akaniambia niketi ndani, akapiga magoti kuangalia kama shoki zina nafasi ya kupanda na kushuka. Akasukuma pua kwa mikono miwili. Ikashuka, ikapanda, ikatulia.

Nikarudi Ruiru siku hiyo hiyo. Nyama sikula. Matuta yote gari lilivuka vizuri, na kwa kila tuta nilingoja mtu aniambie nipunguze mwendo.

Nilipofika nyumbani nikampigia binti yangu.

"Waambie watu wa vyuma wasije."

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Haya mama, hongera. Sasa utakuwa ukienda na nani?"

Nikamwambia simu inaisha chaji. Haikuwa inaisha.