Nilivyobebwa Mzima hadi Gulioni

Watu wa Nyaishozi husahau upesi deni la mtu, lakini aibu ya mtu huitunza kama mbegu ya maharage, kwa hiyo kabla hujasimuliwa na mwingine ambaye atakuongezea chumvi (na miaka ile chumvi ilinunuliwa kwa hela), afadhali uisikie kwangu mimi niliyekuwa chini ya blanketi. Ndiyo, mimi ndiye yule mtu aliyefufuka gulioni. Ukicheka, cheka sasa tuendelee.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa. Kila gunia nililipima mara mbili, na hela ya mkulima niliihesabu mara mbili, na kama mkulima alikuwa na macho ya wasiwasi niliihesabu mara ya tatu kwa sauti, na sokoni hakuna muuza mbuzi aliyewahi kuniuzia bei yake ya kwanza wala ya pili. Lakini mshahara wangu mwenyewe uliingia nyumbani kila mwezi kama mgeni mwenye haraka, ukasalimia, ukaaga. Mke wangu, Mama Domitila, aliniambia siku moja tukimenya ndizi (yeye akimenya, mimi nikitazama) kwamba nahesabu vya watu wote isipokuwa vyetu. Nikamjibu kwamba fundi seremala hulala kitanda kibovu. Akasema hilo analijua, kwa kuwa kitanda chenyewe ni hiki chetu.

Alikuwa anataka cherehani, na hakuitaka kama mwanamke anavyotaka kanga. Alikuwa amejifunza kushona kwa masista wa misheni, na alikuwa amekwisha kutembea kijiji kizima akihesabu magoti yaliyotoboka suruali. Mwenye duka la vitambaa pale gulioni alikuwa na cherehani ya mkono iliyokwisha tumika, tukawa tunamlipa kidogo kidogo tangu msimu wa kahawa, na sasa alikuwa ametuambia kwamba salio lisipofika kabla mwezi huu haujaisha, cherehani ataiuza kwa mke wa karani wa boma, ambaye hata uzi kuutia kwenye sindano alikuwa hajui, ila mumewe alikuwa na baiskeli.

Basi siku ya mshahara Mama Domitila alitundika juu ya kitanda chetu vifuko vitano vya maganda makavu ya mgomba: cha kodi, cha chumvi na mafuta ya taa, cha wageni, cha tumbaku na pombe yangu, na cha cherehani. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba kifuko hakikopeshi kifuko. Nilicheka kidogo, nikaapa, nikaanza mwezi wangu wa kwanza wa kuishi kwa mpango.

Ulikuwa mwezi mzuri mpaka kifuko changu cha tumbaku na pombe kilipoisha, jambo lililotokea mapema kuliko heshima inavyoruhusu. Sikukopa, nisingiziwe hilo. Nilifikiri tu. Nikajiuliza, mgeni ni nani? Mgeni ni mtu anayefika mahali asipokaa. Na mimi kila jioni nikitoka ghalani nilikuwa nafika kwenye kilabu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, na sikai pale. Kwa hiyo nikajikaribisha. Nilijikaribisha jioni nyingi, kwa ukarimu ambao baba yangu angeusifu, mpaka kifuko cha wageni kikawa kinaning'inia chepesi kama kiota kilichohamwa, na Mama Domitila akawa anakitazama kila asubuhi bila kusema neno. Hakuna adhabu ya mke inayozidi hiyo.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa siku ya gulio, na ndiyo siku tuliyopanga kupeleka salio la cherehani. Asubuhi nimesimama mlangoni nasukutua, nikaona kwenye njia ya migombani anakuja binamu yangu Rutagwa, mwanamume mkubwa mwenye moyo mkubwa na tumbo linalolingana, na mgongoni amebeba mzigo. Rutagwa akija kwako haji kusalimia, anahamia. Na kwetu hapa mgeni wa namna hiyo humpi ndizi kavu. Unanunua nyama, unaagiza kibuyu cha lubisi, la sivyo jina lako litachomwa kwa jirani hadi jirani. Kifuko cha wageni ni kitupu. Kilichojaa ni kimoja tu, cha cherehani, na nilijua kikifunguliwa kwa nyama leo, kesho cherehani iko kwa mke wa karani wa boma.

Nikaingia ndani, nikapanda kitandani, nikajifunika blanketi hadi kichwani, nikamwambia Mama Domitila amwambie Rutagwa kwamba naumwa sana, tumbo, ili aone haya kukaa, aende zake.

Alinifunua uso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba Domi, uongo huu utaubeba mwenyewe."

Hapo ndipo alipokosea mwanamke huyo, mara moja tu katika ndoa yetu yote. Sikuubeba mimi. Waliubeba wanaume wanane kwa zamu.

Kwa maana Rutagwa aliposikia naumwa hakuona haya, aliona uchungu. Aliingia chumbani, akanigusa paji la uso (lilikuwa limelowa jasho, nani asiyelowa jasho chini ya blanketi na uongo?), akatoka mbio mpaka kwa Ta Byarugaba (Ta kwetu ni Bwana), mzee wa machela. Na hili lazima nikueleze, maana bila hili huwezi kuelewa nilivyokwisha. Kila kaya ya kijiji chetu ilikuwa kwenye chama cha machela, ile ya kusukwa ambayo wenyewe tunaiita engozi. Mtu akizidiwa, pembe inapigwa, wanaume wanaacha majembe walipo, wanambeba mgonjwa hadi zahanati ya misheni juu ya kilima, kupitia milima na mabonde, wakipokezana. Asiyekuja hulipa faini. Na mgonjwa akipona, huwapikia wabebaji lubisi. Ndiyo sheria, na mimi mwenyewe niliwahi kuisifu mkutanoni.

Nikasikia pembe. Nikajiambia hiyo ni ya mtu mwingine, maskini, nani huyo tena. Kisha nikasikia miguu uani kwangu.

Mtu mwenye akili angeinuka hapo hapo akasema nimepata nafuu. Lakini mbele ya wanaume walioacha palizi kwa ajili yangu? Nikafikiri nikiugulia kidogo njiani kisha nikapata nafuu polepole tukikaribia misheni, mambo yataisha kwa heshima. Nikaugulia. Wakanilaza kwenye machela, wakanifunika. Nikamsikia Ta Byarugaba akimwambia mke wangu achukue hela zote zilizomo nyumbani, maana masista wanaweza kusema apelekwe hospitali ya mbali kwa gari. Zote.  Kisha nikasikia maganda ya mgomba yakilia kwa kuvutwa kutoka kwenye boriti, na nilikijua kifuko kile kwa sauti yake.

Njia nzima nilikuwa naumwa kweli. Mama Domitila alikuja nyuma yetu na wanawake wenzake, na hakulia, na wanawake wakamsifu kwa ushupavu wake. Mbele, kwenye mti wa machela, alikuwa Rutagwa, amekataa kupokewa. Alikuwa akihema na kusema na mimi, akinikumbusha tulivyoiba miwa ya babu tukiwa wadogo, akiniambia vumilia ndugu yangu, karibu tunafika. Na kila alipojikwaa kitu fulani kililia kutoka kwenye mzigo wake, ambao bado ulikuwa mgongoni. Ndipo nikatambua ni kuku. Mzigo ulikuwa wa maharage na jogoo. Alikuwa amesikia watoto wa ndugu yake wanakula ndizi na chumvi mwezi mzima kwa sababu ya vifuko, akaja kutuletea. Hakuja kula. Alikuja kulisha.

Nikaugulia tena, safari hii bila kuigiza.

Njia ya misheni hupita katikati ya gulio la Nyaishozi. Wakatua machela kivulini mwa duka la vitambaa wapumzike, watu wakakusanyika, wakina mama wakasema pole, na mzee mmoja akauliza kama nimekwisha kufa au bado. Rutagwa akasema anakwenda kumuuza jogoo, hela iongezwe kwenye zile za mama, isije gari ikakosa mafuta. Nikamsikia mchuuzi mmoja wa kuku, mtu ninayemfahamu vizuri kwa wizi wake mpole, akimpapasa yule jogoo na kulalamika kwamba ni mwepesi, ni mzee, ana mguu mbaya, atampa shilingi moja kwa kumwonea huruma mgonjwa.

Nikauma blanketi.

Rutagwa, ambaye hajawahi kubisha bei tangu azaliwe, akasema haya.

Kisha nikasikia senti zikidondoka kiganjani, moja moja, na nikazihesabu kwa sikio, unajua ni mazoea, na hazikutimia shilingi. Nikazihesabu tena kichwani. Hazikutimia.

Nakuapia sikuamua. Mwili ndio ulioamua. Nilijikuta nimeketi wima katikati ya machela, blanketi limening'inia begani kama joho la askofu, kidole kimemnyooshea mchuuzi.

"Jogoo huyo ni shilingi tatu," nilisema, "na hizo ulizompa zimepungua senti kumi. Mrudishie kuku wake."

Wakina mama waliokuwa wakisema pole wakaruka nyuma.  Yule mchuuzi (hii ndiyo inayoniuma mpaka leo) alitazama juu, akatazama machela, akamtazama jogoo, akalipa shilingi tatu kamili bila kubisha, maana nani hubishana bei na maiti? Bei nzuri kuliko zote nilizowahi kupata maishani, na niliipata nimevaa blanketi.

Rutagwa akanitazama, na machozi yake yalikuwa hayajakauka.  Afadhali angenipiga.

Ta Byarugaba alikuja polepole, akajifuta jasho kwa kiganja, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Ta Kamuhanda, umepona, au hukuumwa?"

Nikaelewa swali. Aliyepona huwapikia wabebaji lubisi. Aliyeidanganya machela hulipa mbuzi. Nikapiga hesabu, nikapiga tena, nikasema nimepona. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na katekista, aliyekuwa gulioni kununua sabuni, akasema basi Jumapili nitasimama mbele kutoa sadaka ya shukrani kwa muujiza. Nikajaribu kubisha, nikasema labda sikupona kabisa. Ta Byarugaba akasema vema, basi tuendelee na safari hadi misheni, wanaume inueni. Nikasema nimepona.

Nikageuka kumtafuta Mama Domitila, ili nimwombe kile kifuko, kwa sababu lubisi ya wanaume wanane si mchezo. Hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuingia dukani, hatua chache tu kutoka kwenye machela yangu, na nilifika mlangoni wakati mwenye duka anamaliza kuhesabu.

"Mgonjwa amepona," aliniambia bila kugeuka, "hela ya dawa haina kazi tena."

Cherehani ilirudi nyumbani kwa machela. Ta Byarugaba alisema machela haitoki bure, wakaiweka nilipokuwa nimelala mimi, wakaifunika blanketi langu isishike vumbi, Rutagwa akashika mbele, nami nikashika nyuma. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Ndizi za lubisi zilitoka kwenye kibanja changu cha migomba, nikazikanyaga mwenyewe, na hela ya mtama wa kuichachushia ilitoka kwenye kifuko changu cha tumbaku mwezi uliofuata na mwingine baada yake, kwa sababu kifuko hakikopeshi kifuko.

Kazi ya kwanza ya cherehani ile haikuwa suruali ya mtu. Mama Domitila alishona kifuniko kipya cha machela cha kitambaa kigumu, akakipeleka kwa chama bila malipo, na bei ya kitambaa akaikata kwenye fungu langu. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wa kijiji anapopita kuelekea misheni, watu hutazama kile kifuniko, kisha hunitazama mimi. Juu ya kitanda chetu sasa vinaning'inia vifuko sita. Cha sita ni cha Rutagwa, akija ale nyama, na sijawahi kukigusa wala kujikaribisha mahali popote. Mimi hukipima kila mwisho wa mwezi kwa kiganja, mara mbili, nikiwa nimesimama wima.