Neno Nililomwandikia Sista

Nyumba yangu ya mawe ndiyo ya kwanza kuonekana ukipanda vilima vya Mbooni kwa bodaboda. Niliijenga kwa jasho la Doha, mimi niliyeondoka hapa na begi moja, nikarudi na diploma ya ufundi wa majokofu. Kwa hivyo hofu iliponianza bila sababu, moyo ukidunda nikiwa nimekaa tu na chai yangu, sikumwambia mtu. Mtu wa kiwango changu akisemekana kuwa na ugonjwa wa akili, kanisa zima linamwombea kwa sauti.

Muuguzi wa zahanati, sista kama tunavyomwita, ndiye pekee aliyejua. Aliniwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi naandika ninavyojisikia, yeye anasoma, na akiona neno baya ananipigia. Nilikuwa namwandikia mazuri tu. Sijawahi kufeli mtihani.

Asubuhi moja nilipanda mnara wa tangi la maji nyuma ya nyumba kukagua vali. Nikatazama chini kwenye genge, poromoko la mawe lililo kando yake, na miguu ikataka kwenda huko. Miguu yangu mwenyewe! Nikashuka nikishikilia vyuma kwa viganja vilivyolowa jasho, nikaketi, nikaandika: "Sista, nataka kupumzika."

Simu ikalia papo hapo.

"Injinia, kupumzika gani? Kwa kitanda ama kwa kaburi?"

"Kupumzika tu, sista. Kwani Kiswahili kimekuwa kigumu?"

"Hilo neno mimi nalisikia kwa redio, kwa matangazo ya vifo. Niambie ni lipi."

Nilitaka kumjibu kwa madaha.

"Sijui," nikasema, na kujisikia nikilisema hilo kuliniogopesha kuliko lile genge.

"Mama yuko wapi?" Alimaanisha mke wangu.

"Huko chini shambani, anachuma maharagwe."

"Usiteremke. Muite kutoka hapo. Nataka nikusikie ukiita."

Alijua anachoniomba. Kwetu mwanamume akipiga nduru mchana, ni nyoka, moto au maiti. Kila anayesikia anatupa jembe na kuja mbio.

"Hapana, sista. Watakuja wote."

"Wacha waje. Mimi sikati simu."

Niliutazama mnara. Ngazi ilikuwa karibu nami kuliko mke wangu. Nikaweka simu chini, nikapiga nduru mpaka koo likauma.

Mke wangu alitokea kwanza, maharagwe yakimwagika kutoka kwenye leso. Nyuma yake majirani, mmoja ameinua panga.

"Injinia! Nyoka iko wapi?"

"Hakuna nyoka," nikasema. "Ni mimi. Naogopa nitajiua."

Jirani aliliangalia panga lake, akalificha nyuma ya mgongo. Mke wangu alinishika mshipi wa suruali kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayezuia fahali, na simu pale chini ikaendelea kuuliza, "Amefika? Injinia, mama amefika?"