Shimo la Lopur

Nilipopelekwa Lodwar nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa na miaka michache tu tangu ifunguliwe. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza udongo. Mradi wa kilimo ulioniajiri ulitaka kujua ni wapi kando ya mikondo ya mito panapoweza kulimwa mtama na mboga, na namna pekee ya kujua ni kuchimba. Unachimba shimo la kina cha mtu, unaingia ndani, unasoma ukuta wake tabaka kwa tabaka: rangi, mchanga, udongo wa mfinyanzi, mizizi inaishia wapi, chumvi inaanzia wapi. Ukimaliza unalifukia. Hiyo ya mwisho tulifundishwa chuoni siku ya kwanza.

Nilipewa vibarua wanne pale Kakuma. Watatu walikuwa vijana wa mji, na wa nne alikuwa mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye kikohozi kikavu. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kila mtu alimwita Ustaz, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinizidi akili katika kazi yangu mwenyewe. Nilimwonyesha mara moja tu jinsi ya kulowesha udongo kiganjani na kuusokota utepe ili kujua una mfinyanzi kiasi gani. Siku ya pili alikuwa akiutaja kabla sijatoa chupa yangu ya maji. Nilimweka awasimamie wenzake, na yeye ndiye aliyeandika vibandiko vya mifuko ya sampuli, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, kila herufi imesimama wima.

Tulichimba mashimo kumi na moja. La saba lilikuwa Lopur, nje kidogo ya Kakuma, hatua chache kutoka kwenye laga, ule mkondo mkavu wa mto ambao mifugo huufuata kutafuta maji. Lilikuwa shimo zuri kuliko yote. Juu mchanga wa mafuriko, chini yake mfinyanzi mweusi uliopasuka, na chini kabisa vidonge vyeupe vya chumvi kama punje za mchele. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Jua lilikuwa limeshashuka, kivuli kimeufunika ukuta, nami nilitaka picha yenye mwanga wa asubuhi. Tena gari la mradi lilikuwa linarudi Lodwar, na dereva alishapiga honi mara mbili. Wiki mbili nilikuwa nikioga kwa kopo. Nilitaka kurudi nyumbani kwangu.

Ustaz alikuwa ameshashika beleshi, anaanza kurudisha udongo ndani.

"Acha," nikamwambia. "Tutafukia Jumatatu, nikishapiga picha."

"Dada, hapa mifugo inapita."

"Ni siku mbili tu. Funika na matawi, ukuta usikauke."

Alinitazama, halafu akatazama laga. "Matawi ni mabaya zaidi," akasema. "Mnyama haoni shimo."

"Ustaz, gari linaniacha."

Akaweka beleshi chini. Yeye na wale vijana wakakata matawi, wakatandika juu ya shimo vizuri, kama alivyofanya kila kitu vizuri.

Jumapili ngamia jike akaanguka ndani. Alikuwa wa mama mmoja wa Lopur, mjane, ambaye kila asubuhi alibeba maziwa hadi ukingoni mwa kambi kuyauza. Ngamia alivunjika miguu ya mbele miwili. Hawakuweza kumtoa akiwa mzima, wakamchinja mle mle shimoni, wakamtoa vipande vipande. Ndama wake alikuwa wa miezi mitatu.

Haya niliambiwa Jumatatu, nilipofika na kamera yangu. Watu walikuwa wamesimama, wengine wakiwa na hasira, wengine wakingoja tu kuona nitafanya nini. Yule mama alikuwa ameketi chini peke yake, shanga zake nzito shingoni, haniangalii. Nami nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu: nilipochungulia shimoni, kitu cha kwanza nilichokiona si damu. Niliona kwamba kwato zilikuwa zimeuharibu ukuta wangu wa magharibi. Baadaye, watu walipotawanyika, niliteremka ndani, nikausafisha ukuta wa kusini kwa kisu, nikapiga picha.

Jioni ile nilikuwa Lodwar, mbele ya meza ya mkuu wa mradi. Alikuwa mtu wa utaratibu, asiyepandisha sauti.

"Nani aliacha shimo wazi?"

"Kufukia ni kazi ya vibarua," nikasema.

"Nani alikuwa msimamizi wao?"

Nikataja jina la Ustaz. Sikuongeza neno. Kila nililosema lilikuwa kweli, na nikaliona likienda kule lilikokwenda, nikaliacha liende. Mkuu alifungua daftari la vibarua akapiga mstari juu ya jina. Yule mama alipelekewa magunia ya unga na maharagwe, akaweka kidole gumba kwenye karatasi iliyosema kwamba shauri limekwisha.

Sikujua hata nimemnyang'anya nini yule mtu. Nilidhani ni kibarua tu, atapata kingine. Kumbe kadi ya kazi aliyopewa na mradi ndiyo iliyomruhusu kutoka kambini. Akiwa nayo mfukoni aliweza kutembea hadi Lopur, kukaa kwenye mchanga wa laga, kuongea na watu wasio wakimbizi. Bila kadi alirudi ndani, akabaki ndani.

Miezi minne nilikuwa maabara Lodwar, nikikausha sampuli, nikizichekecha, nikipima chumvi. Kila mfuko niliofungua ulikuwa na mwandiko wake. Nilianza kuvichana vile vibandiko na kuandika vipya kwa mkono wangu. Nilijiambia vimechakaa.

Niliporudi Kakuma kumalizia kazi, nilimtafuta. Nilimkuta nyuma ya shule moja ya kambini, amekunja suruali, anakanyaga tope la matofali. Hakuacha kukanyaga aliponiona.

"Karibu, dada. Huu udongo una mchanga mwingi. Tofali linavunjika."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini maneno yakatoka vibaya. Nikamwambia kwamba ofisini nilinyamaza. Kwamba walidhani ni yeye, nami niliwaacha wadhani.

"Najua," akasema. "Shimoni tulikuwa watu watano. Mimi nilisema fukia. Wale vijana watatu walisikia. Basi anabaki nani?"

"Naomba unisamehe, Ustaz."

Akatoka topeni, akajipangusa miguu kwa nyasi, polepole. "Mimi baadaye," akasema. "Yule mama alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nanunua maziwa kwake, tunakaa, tunacheka. Nilipotolewa kazini, Lopur nzima ikajua ni mimi niliacha shimo. Sasa anakuja na maziwa kule ukingoni, ananipita kama jiwe. Nenda umwambie yeye."

"Twende pamoja."

"Sina kadi."

Nilimwombea kibali cha siku moja kwenye ofisi ya kambi. Ilinichukua nusu saa. Nusu saa ambayo ningeweza kuitafuta miezi minne nyuma.

Tulimkuta mama nje ya boma lake, anasuka kamba. Nilimsalimia, "Ejok," naye akaitikia kwa sababu ndiyo adabu. Alijua Kiswahili cha sokoni, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria, ingawa ningependa awepo mtu wa kujificha nyuma yake. Nikamwambia: shimo ni langu, mimi ndiye niliyekataza lisifukiwe, mimi ndiye niliyeagiza matawi. Huyu alinikataza, sikusikia.

Akailaza kamba mapajani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na hii mtu naniambia siku ile si yeye. Mimi nasema mwongo. Mbele ya watu." Akamgeukia Ustaz, akasema kitu kifupi kwa Kiturkana, akamnyooshea mkono. Ustaz akaushika kwa mikono yote miwili. Mimi sikunyooshewa.

Halafu akaniuliza, "Shimo zingine iko wapi?"

"Tumeyafukia, mama."

"Onyesha."

Nilidhani anasema tu. Lakini aliinuka, akachukua fimbo yake na kibuyu cha maji, akaanza kutembea. Siku nzima tulimfuata, au alitufuata, sijui. Nilimpeleka kwenye kila shimo la upande ule, sita kwa jumla, kwenye jua ambalo hata mbuzi walikuwa wamelikimbia. Kila tulipofika alikanyaga udongo kwa kisigino, akazunguka, akakanyaga tena. La nne lilikuwa limetitia. Mvua ilikuwa imeshusha udongo na kuacha tundu la kufika magotini. Alilionyesha kwa fimbo. Hatukuwa na beleshi. Mimi na Ustaz tulipiga magoti tukalijaza kwa mikono, yeye amesimama akitazama, na hakuondoka hadi lilipokuwa sawa na ardhi. Kucha zangu mbili zilivunjika, nikafurahi kwamba zimevunjika, halafu nikaona aibu kwa furaha hiyo.

Tulipoachana Ustaz aliniuliza, "Na ofisini?"

"Nitasema."

Nilikawia. Kila wiki nilikuwa na sababu: mkuu amesafiri, mkuu ana wageni, ripoti haijakwisha. Ripoti ilipokwisha ilisifiwa, hasa maelezo ya shimo la saba, na ilikuwa vigumu zaidi kusema mtu akiwa ananipongeza. Nilisema mwezi wa mwisho, mradi unafungwa, mkuu akipanga mafaili kwenye makatoni. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote.

Alisikiliza akiwa ameshika utepe wa gundi. "Mbona unaniambia sasa?" akauliza. "Sina kazi tena ya kumrudishia."

Alinitazama kidogo, bila ukali, kisha akaniomba nimshikie pembe ya katoni aifunge. Nikaishika. Baada ya hapo nilikwenda stendi kuulizia basi la Kitale la kunirudisha kwetu, na dada wa tiketi akaniuliza nataka siti ya dirishani au ya ndani, nikamwambia ya ndani.