Jinal Anarudi Mbeya Kupanda Baiskeli ya Kipimo

Saa mbili asubuhi, baridi ya Iringa bado imekaa mlangoni. Jinal, fundi wa sare za shule hapa Kihesa, anakanyaga cherehani, anakunja pindo la sketi ya bluu, mara anasimama kukohoa. Anageukia ukutani, anatema kwenye kopo lenye mfuniko, anafuta mdomo kwa leso, kisha analirudia pindo lake.

"Dada Jinal, kati yako na hiyo cherehani nani atiwe mafuta?" anauliza Evarista, fundi wa meza ya pili.

"Mafuta tupunguze kwenye ulimi wako, wewe."

Wanacheka, ila kicheko cha Jinal hakifiki mbali. Keshokutwa anakwenda Mbeya kupimwa.

Jinal, mwenye miaka ishirini na saba, amezaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Makohozi yake ni mazito kama gundi, yanaziba mapafu. Hospitalini humpandisha baiskeli isiyokwenda popote, humfunika pua na mdomo kwa barakoa yenye mpira wa kupima pumzi, naye hukanyaga huku ikizidi kuwa nzito, mpaka achoke kabisa. Hapo madaktari hukadiria ugonjwa utamwendeaje miaka ijayo.

Majibu yakiwa mabaya, itabidi ahamie Dar es Salaam, karibu na hospitali kubwa, aache mama na cherehani.

"Mimi nakanyaga kutwa nzima," anasema. "Nikajua baiskeli hainiwezi."

Ilimweza. Mwezi uliopita miguu ilikaza, macho yakaingia giza, wakamshusha mapema.

Kumbe mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Mama Hardik kwa jina la mwanawe mkubwa, alikuwa ameweka nadhiri. Katika familia yao ya Kihindu, mtu mwenye ombi zito hufunga kwa kula bila chumvi. Wiki nzima kabla ya kipimo, mama na binti walifunga pamoja: chapati tupu, maziwa, ndizi.

"Niliomba mapafu yake yapate nguvu," anasema Mama Hardik, akichambua choroko bila kuinua macho. "Kumbe namnyima kile kile alichohitaji."

"Daktari Philbert wa kule Mbeya hakunigombeza," anasema Jinal. "Aliniuliza tu, 'Dada, wiki hii umekula nini?' Nilipomwambia, akashika kichwa."

Daktari alimweleza kwamba jasho la wenye ugonjwa huu hutoka na chumvi nyingi, na isiporudishwa, mwili hulegea. Majibu yale hayakufaa. Arudie.

"Sasa huenda ilikuwa chumvi," anasema Jinal. "Huenda ni mapafu yenyewe. Nikilala nawaza hilo, nikiamka nawaza hilo."

Mchana Mama Hardik anapakua choroko kutoka sufuria mbili. Moja ina chumvi, ya binti. Nyingine haina, yake, maana yeye bado amefunga mpaka majibu yatoke.

"Mama, onja basi hata kidogo."

"Kula wewe. Mimi na Mungu tunajuana."

Jinal anacheka, anakohoa, anatulia.

"Majibu yakiwa mazuri, wakiniambia nirudi nyumbani, nitashona sare zote za Januari," anasema. "Lakini kwanza nitamtilia mama chumvi kwenye sahani yake, kwa mkono wangu huu."

Anavuta kibakuli cha chumvi, anajiongezea kidogo. Mama anamwangalia mpaka tonge la mwisho.