Neno "Bosi" Lilivyofika Didia

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja Didia kutoka Buseresere, anakouza dukani. Badala ya shikamoo, akanipiga begani: "Niambie, bosi wangu!" Ndugu yangu, miaka yote hii namwomba Mungu uvumilivu, na bado mkono uliitafuta fimbo. Nikaitikia marahaba hivyo hivyo, ingawa sikuamkiwa.

Angeondoka na basi la jioni. Nilitaka jambo moja tu: akae nami mchana ule, nimsimulie neno hilo lilivyoingia nyumbani kwetu.

Liliingia msimu wa kuchambua pamba, nikiwa mtoto. Bibi yangu alitukalisha uani tukizunguka lundo, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha ikipita mkono kwa mkono. Aliyeleta neno geni ilibidi aseme limetoka wapi. Asipojua, bibi alilitupa kwenye fifi.

Jirani yetu, kibarua wa jineri, kiwanda cha pamba, aliteseka sana. Kila siku foromani, shifti, bosi!

"Ni Kiingereza hicho," alijitetea.

"Na Kiingereza kimelitoa wapi?" bibi aliuliza, macho kwenye pamba.

Mwalimu wa shule, aliyekuja kutusaidia, akacheka. "Mayu, mama yetu, hilo bosi limetoka kwa Waholanzi. Hata pamba hii, jina wanaloiita Waingereza asili yake ni Uarabuni."

"Kumbe na wao huomba chumvi kwa jirani! Fifi!"

"Lakini jineri nzima inalitumia," jirani akanung'unika.

"Litumie, baba. Ila usitutishe nalo."

Walibishana hivyo hadi jua likazama, na hakuna aliyeinuka, kwa sababu lundo lilikuwa bado.

Hayo yote mjukuu wangu hakuyasikia. Ndiyo kwanza nilikuwa namkalisha bibi uani katika simulizi, mjukuu akaninyooshea simu. "Babu, hii hapa, bosi ni Kiholanzi. Tumemaliza, eti?" Tumemaliza! Akanibusu kwenye paji la uso, akaita bodaboda, na basi lenyewe lilikuwa limebakiza saa tatu nzima kuondoka.

Kwa busu lile namshukuru Mungu, kwa dhati. Ila pamba hatulimi tena, na hakuna lundo la kumfanya mtu akae. Mtoto amekwenda zake na Waholanzi wake, na bibi yangu alikuwa hajafungua hata mdomo.