Nilijaza Magunia Magunzi, Behewa Likapitishwa, na Sasa Kwaya ya Dada Yangu Italipanda

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni kabisa, maana huku Kitale mimi najulikana kuliko chifu. Nina miaka arobaini na tisa, mke mmoja, watoto saba, na shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alishindwa na maswali yangu. Ulizeni mtu yeyote kuanzia Ndalu hadi Kanduyi ni nani aliyembeba fahali mgongoni akamvusha mto Nzoia ukiwa umefurika. Watawaambia. Watacheka, lakini watawaambia.

Leo sitaki mcheke.

Miaka kama ishirini iliyopita nilikuwa msimamizi wa wapakizi kwenye karakana moja ya reli. Kulikuwa na behewa kuukuu la abiria, limenyeshewa mpaka vile vyuma vya chini vinavyobeba sakafu na watu wote vikaanza kuliwa na kutu. Mafundi wakachomelea viraka, wakapaka rangi. Lakini haliwezi kubeba watu mpaka mkaguzi aje kupima nguvu zake. Namna yenyewe ilikuwa hivi: unalijaza magunia ya mahindi, uzito wa abiria na mizigo yao, halafu unavuta uzi chini ya tumbo lake kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, uone limebonyea kiasi gani.

Siku moja kabla ya mkaguzi, tulilijaribu wenyewe kwa mahindi ya kweli. Lilikoroma kama mzee anayeinuka kitini. Kubonyea kulikoruhusiwa ni kidole kimoja, lilibonyea vitatu. Fundi mkuu, sasa ni marehemu, akashika kichwa. "Wakubwa wameshasema litoke wiki hii. Sasa nitawaambia nini, bana?"

Mdomo wangu ukatangulia kama kawaida. "Hiyo ni kazi ndogo. Niachie mimi. Kesho litasimama kama askari wa gwaride."

Asubuhi tukamwaga yale mahindi, tukajaza magunia magunzi, yaani vile vibunzi vinavyobaki mahindi yakishapukuchuliwa. Juu nikaweka mahindi kidogo, ili mtu akifungua mdomo wa gunia aone mazuri. Gunia moja tu nililiacha la kweli, nikalisimamisha mlangoni. Mkaguzi akaja na kalamu tatu mfukoni, akataka apimiwe gunia. Nikalibeba lile la mlangoni begani mwenyewe hadi kwenye mizani, nikiimba. Akaandika uzito wake, akazidisha kwa hesabu ya magunia yote, akainama akaangalia uzi. Tumbo halikuwa limebonyea hata nusu kidole. "Safi sana," akasema, akatia sahihi. Siku hiyo nilibebwa juu juu, nikajiita Injinia.

Behewa likafanya safari chache za karibu, likaegeshwa. Nikasahau.

Mwezi jana nilienda Bungoma kwa dada yangu, mwalimu wa kwaya ya kanisa. Wamekodi behewa zima kwenda Nairobi kuimba wakati wa Pasaka, watu themanini pamoja na ngoma zao, na ninyi mnajua kwaya za kwetu haziimbi zikiwa zimekaa. Akanipeleka stesheni pamoja na watoto wake nilione, amejaa furaha. Rangi ilikuwa mpya. Lakini kwenye ubao wa dirisha niliona jina langu, nililolikwaruza kwa msumari siku ile nilipojiita Injinia.

Nilimweleza dada yangu yote, hapo hapo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndugu yangu, juzi tu ulituambia ulilala pango moja na chui kule mlimani. Leo umedanganya serikali na magunzi?" Watoto wake, ambao huniita khocha kwa vile mimi ni mjomba wao, wakadakia: "Khocha, na mkaguzi naye si ulimbeba begani?" Nikaapa kwa kaburi la mama. Wakacheka zaidi, maana hata ule uongo wa chui niliuapia kaburi hilo hilo.

Nikarudi stesheni peke yangu. Karani akafungua faili, akanionyesha sahihi. "Mzee, behewa lilipitishwa. Karatasi si hii hapa?"

Nikamwambia karatasi hiyo ni ya uongo, niliitengeneza mimi na magunzi yangu. Akanisogezea karatasi tupu na kalamu.

"Basi yaandike hayo, utie sahihi, halafu kaa kwenye benchi hapo nje ungoje polisi."

Nilisema naenda choo. Nikatoka na njia ya nyuma, nikapanda gari la Kitale. Hii sehemu sijamwambia mtu, hata mke wangu. Ananiuliza kwa nini siku hizi sisemi kitu wakati wa kula, namwambia ni meno.

Sasa dada ameniandikia barua, ati niwe mgeni wao wa heshima, niwachekeshe njia nzima mpaka Nairobi. Nafasi yangu wameniwekea dirishani. Nikirudi kwa karani, nitafungwa, na pengine behewa litaenda tu kwa sababu karatasi ipo. Nikipanda, naongeza uzito juu ya vyuma ninavyovijua. Nikibaki, nitakaa na redio nikingoja habari.

Walio wangu wote wamenicheka. Nimebaki na ninyi, ambao hamnijui na hamjawahi kusikia hata moja ya hadithi zangu. Mnaniamini? Kama yuko hata mmoja anayeniamini, tafadhali aniambie la kufanya kabla Pasaka haijafika.